Dakika Moja ya Bahili

Mama aliagiza mambo matatu: Bahili aje mwenyewe, aje mchana kweupe, na asije na mtu wa kumsemea. Mjomba alipousikia ujumbe huo alinuna siku nzima, kwa sababu yeye ndiye aliyejiandaa kuwa msemaji wa upande wetu, na maneno ya kukataa alikuwa ameshayapanga kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Mama akamwambia ayatunze tu, maneno hayaozi.

Mimi sikujua nicheke au nilie. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu nimwambie mama kwamba nataka kuolewa na Bahili, na katika siku hizo hakunijibu ndiyo wala hapana. Alinisalimia vizuri, aliniuliza kama nimekula, alinituma uzi dukani, na kila nikiigusa habari ile alikanyaga cherehani. Ubishane vipi na mtu anayekanyaga cherehani? Unaongea peke yako kama mwehu, na mwisho unashika ufagio.

Bahili si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi, pale kituoni tunapowapeleka wageni kuzamia kwenye miamba ya vile visiwa vidogo. Watu wote wakikaa chini dakika hamsini wanarudi mitungi yao ya hewa ikiwa karibu tupu, yeye anarudi na nusu. Najua kwa sababu mimi ndiye ninayeijaza. Kila mtungi ukishushwa kwenye boti naangalia kipimo kabla sijaufunga kwenye kompresa, ile mashine ya kujazia hewa, na mtungi wake ulibaki na hewa ya kumtosha mtu wa pili. Kaka yangu ndiye aliyemwita hivyo kwa mara ya kwanza. Alisema huyu jamaa kila akipumua anadai risiti, tukacheka hadi tukashika mbavu, na jina likaganda.

Kaka ndiye aliyekuwa mwenzake wa kuzamia. Katika kazi yetu hakuna anayeshuka peke yake. Mnakuwa wawili, mnakaguana mikanda, mnakaguana hewa, mnashuka pamoja na mnapanda pamoja. Wao wawili walishuka hivyo kwa miaka sita. Kisha, miaka miwili iliyopita, siku isiyo na wageni, walikwenda kufunga mnyororo wa boya kwenye mwamba ulio kati ya visiwa viwili, kina kirefu kuliko tunapowapeleka wageni, ambako hewa huisha haraka. Walishuka wawili, akapanda mmoja.

Huyo mmoja ndiye niliyempenda. Haya, nimesema. Unihukumu polepole.

Sikumpenda kwa kupanga. Baada ya mazishi alianza kuja kwenye banda la kompresa kunibebea mitungi, kazi ambayo haikuwa yake. Ile mashine ikiwaka hakuna kusikilizana, na raha yake ni hiyo: unaweza kulia hatua mbili kutoka kwa mtu na asijue. Nililia pale karibu mwaka mzima, naye anapanga mitungi, amenipa mgongo. Siku moja mkanda wa mashine ukakatika, kimya kikaingia ghafla, na nikamsikia. Alikuwa akilia naye, kwa sauti, kama mtoto, na kumbe alikuwa akilia hivyo siku zote. Tulitazamana. Hakufuta uso, nami sikufuta wangu. Tangu siku ile, sijui nikuambieje, nikimwona anashuka kwenye boti salama mwili wangu wote unapata nafasi ya kupumua.

Basi siku yenyewe ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha siku tatu mfululizo, maji yalikuwa machafu kama chai ya maziwa, na boti zote zilikuwa zimefungwa. Saa nne asubuhi nikamwona akija kwenye njia ya nyumba yetu amevaa viatu. Sijawahi kumwona na viatu vya kufunga kamba. Alikuwa akitembea kama mtu anayepita juu ya mayai, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi.

Nilimwambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba ajibu kwa ufupi na asiongeze asichoulizwa. Akaniambia sawa, Mwalimu. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu mbali na mitungi mimi ndiye ninayewafundisha wageni wapya kwenye maji ya kiunoni kabla hawajapelekwa chini.

Mama alikuwa chumba cha mbele, mahali pake pa siku zote. Ni fundi cherehani, lakini si wa magauni. Anashona nguo za mpira za kuzamia, za kituo chetu na za vituo vingine viwili: magoti yaliyochanika kwenye mawe, zipu zilizoliwa na chumvi, mabega yaliyoachia. Chumba kinanuka gundi mwaka mzima, na nguo zile nyeusi zinaning'inia ukutani mikono ikilegea, kwa hiyo mgeni akiingia huona kama amefika kwenye mkutano wa watu wasio na vichwa. Bahili aliamkia. Mama akaitikia marahaba, akamwonyesha kigoda.

"Kaa hapo penye mwanga, nikuone."

Akakaa, magoti yakapanda hadi karibu na kidevu. Mama akachukua nguo iliyokuwa mapajani mwake, akainyoosha mbele yake.

"Hii ya nani?"

"Yangu, mama."

"Nimeishona mara sita tangu mwanangu aondoke. Huyu binti anaiingiza katikati ya nyingine, anasema ni za kituo. Anadhani mimi nashona nimefumba macho." Hakunitazama aliposema hivyo. "Bega lako la kushoto liko chini kuliko la kulia. Mshono wako unakatika palepale kila mara. Fundi anamjua mtu kwa anapochanikia."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Miaka miwili nilijiona mjanja. Nikamuuliza mama, kama alijua, kwa nini hakukataa kuishona.

"Nikatae vipi? Maji ya chini yana baridi."

Alisema hivyo kama anayesema bei ya kitenge, akaendelea kutafuta ncha ya uzi. Bahili aliinamisha kichwa. Mimi nikaanza kutumaini, na matumaini yangu nayo ni kama jirani asiyejua muda wa kuondoka, ukimkaribisha mlangoni ameshafika jikoni. Nilishaanza kuwaza nitaishi chumba gani.

Kisha mama akasema anataka aelezwe siku ile.

"Sitaki ile uliyowaandikia wakubwa wako. Nilisomewa. Nieleze mimi."

Akaeleza. Alieleza taratibu, mikono ikiwa juu ya magoti, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia yote kwa mpangilio. Walishuka, maji yalikuwa safi. Walifunga mnyororo, kazi ikaisha. Kaka akamwonyesha kwa mkono kwamba anazunguka upande wa pili wa mwamba kukaza fundo la mwisho, naye akamjibu sawa. Hapo mkondo ukageuka. Ukaja na mchanga wa chini wote, na kwa muda wa kufumba na kufumbua akawa haoni hata mkono wake mwenyewe. Alipofika upande wa pili wa mwamba hakukuwa na mtu.

"Ukamtafuta?"

"Nikamtafuta, mama."

"Kwa muda gani?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Nikanyoosha kiganja nikakitikisa huku na huku, ishara yetu ya chini ya maji ya kuonya kwamba kuna tatizo. Aliiona. Najua aliiona, kwa sababu macho yake yalitua mkononi mwangu kisha yakarudi kwa mama.

"Dakika moja."

"Ulihesabu?"

"Nilitazama saa."

"Na hewa yako ilikuwa imebaki kiasi gani?"

Hilo nililificha miaka miwili. Mimi ndiye niliyeupokea mtungi wake jioni ile, mimi ndiye niliyesoma kipimo, na sikumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Wakubwa waliliandika kwenye karatasi zao, lakini mama alisomewa na mjomba, na mjomba pale palipokuwa na tarakimu aliruka, kwa huruma au kwa kutokuelewa. Nikadhani limepita.

"Zaidi ya nusu," Bahili akasema.

Mama akaiweka nguo chini ya sindano. Akashona, pale pale begani, polepole, akageuza, akarudia mshono juu ya mshono. Akakata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa karibu. Mimi moyoni nilishaanza kumpigia magoti mjomba, nikijua sasa ni zamu yake ya kuingia na maneno yake.

Mama akaniita bila kugeuka. Akasema niwaambie yale ninayowaambia wageni kule ufukweni, mtu akimpoteza mwenzake chini. Nikashangaa. Nikauliza ya nini sasa. Akasema sema tu.

Nikasema, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Simama ulipo. Geuka pande zote, tazama chini, tazama juu, tafuta mapovu. Dakika moja. Usipomwona, panda, na ukifika juu usirudi chini peke yako. Yeye naye atapanda kwa sheria hiyohiyo, na mtakutana juu.

"Na mgeni akikuuliza, je, kama ni mke wangu?"

"Ni hiyohiyo, mama."

"Kama ni mtoto wangu niliyemzaa?"

"Ni hiyohiyo. Anayebaki kutafuta ndiye anayekuwa maiti wa pili."

Mama akatikisa kichwa kukubali, kama fundi aliyeletewa kitambaa akakuta kipimo ni kilekile. Ndipo akatuambia. Alisema mwaka wa kwanza hakulala. Kila akifumba macho alimwona mwanawe chini, na huyu anapanda, na alijiuliza swali moja: je, angekuwa ndugu yake mwenyewe, angepanda? Hakuwa na wa kumuuliza. Basi siku moja alileta nguo kituoni, akakaa kivulini nyuma ya ghala, akanisikia nikifundisha. Akaja tena kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu mgeni mmoja mzee, aliyekuja na mkewe, aliuliza swali lile, nami nikajibu ni hiyohiyo.

"Nikasema basi," mama akasema. "Hakumwacha mwanangu kwa sababu ni mwanangu. Angekuwa nani, angepanda. Mke, mtoto, mfalme. Kazi ndivyo ilivyo, kama mimi nisivyoweza kushona bila kukata. Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Nimelala tangu hapo."

 Bahili alikuwa amejishika viganja.

"Nilikuita nione kama utanidanganya. Ungesema dakika kumi ningekutoa hapa na viatu vyako hivyo. Ungesema hewa iliisha ningekutoa pia. Hukudanganya." Akanielekeza kwa kidevu. "Mchukue. Mjomba wake niachieni mimi."

Sijui nilifikaje, ila nilijikuta chini, kichwa changu kikiwa kwenye mapaja ya mama, kwenye ile nguo ya Bahili yenye kunuka gundi, nacheka na kulia. Mama akanipiga kofi dogo mgongoni, akaniambia niinuke, namchafulia kazi. Bahili alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili, na yale mabega yake yasiyolingana yalikuwa yakitikisika. Ningetaka sana kukuambia kwamba hadithi hii inaishia hapo. Ingekuwa ndogo, lakini ingetosha.

Ila mimi furaha ikinipata inanipa kiherehere. Tangu utotoni niko hivyo, nikipewa pipi nauliza ya kesho iko wapi. Niliinuka, nikajipangusa, nikajishika kiuno mbele yake.

"Haya, Bahili wa hewa. Na mimi nikipotea huko chini, nitapewa dakika ngapi? Au mimi mkeo utanibania iwe nusu?"

Mama mwenyewe alitabasamu. Naapa alitabasamu. Jibu lilikuwa limelala pale mezani, hata mtoto angeliokota: ungepewa moja kama wengine. Tungecheka, ningejifanya nimekasirika, mama angetutuma sukari.

Bahili aliondoa mikono usoni. Macho yake yalikuwa mekundu na yamelegea kwa faraja, yale macho ya mtu aliyetua mzigo wa miaka miwili na bado haamini. Akanitazama vile anavyonitazama tukiwa peke yetu tu. Alisahau tulipo. Nadhani alisahau hata mama yupo.

"Wewe ningebaki," akasema.

Nikacheka, nikamwambia aache mzaha.

"Sio mzaha. Nisingetazama saa. Ningebaki mpaka mtungi uishe."

Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia neno kama hilo, na sidhani kama yupo atakayeniambia tena. Kwa muda mfupi sana, mfupi kuliko ninavyousimulia, nilikuwa mwanamke mwenye furaha kupita wote katika visiwa vyote vile. Sikuwaza sheria, sikumwaza mtu. Nilipendwa mpaka mwisho wa mtungi. Kisha nikageuka ili mama naye aone jinsi ninavyopendwa, na nikauona uso wake.

"Kumbe inawezekana," mama akasema.

Bahili alishtuka. Akaanza kusema mama, sikuwa na maana ile. Mama akamnyooshea kiganja, si kwa hasira.

"Ngoja, baba. Taratibu. Kumbe mtu anaweza kubaki." Alisema kama anayejieleza mwenyewe hesabu. "Ile hewa yako, zaidi ya nusu, kwa kina kile. Ungebaki, ingekupa muda gani?"

Niliomba Mungu adanganye. Niliomba kwa moyo wangu wote, mimi niliyempendea ukweli wake.

"Dakika ishirini," akasema. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyo na hajui kuacha kitu nusu: "Labda ishirini na tano."

"Na kesho yake maji yalipotulia, walimkuta wapi?"

"Chini ya mwamba, mama. Mkanda wa mtungi wake ulikuwa umenasa."

"Mbali na pale uliposimama wewe?"

Alivitazama viatu vyake. Mama akarudia swali, kwa sauti ileile.

"Kama kutoka hapa hadi mlangoni."

Mama akautazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje kuku wa jirani walikuwa wakichakura kwenye matope. Aliutazama kwa muda mrefu. Nilitamani kwenda kuufunga, sikuthubutu kupita hapo katikati.

"Mama, ningebaki tungekufa wawili," Bahili akasema.  "Sikuwa naona kitu. Sheria iko sawa."

"Sijasema haiko sawa. Nimesema uliifuata kwa mwanangu, na kwa huyu usingeifuata."

"Huyu nampenda."

"Na mimi yule nilimpenda."

Hapo niliingia mimi, nikaongea upuuzi mwingi. Nilisema ni maneno tu ya mapenzi, kila mtu huyasema, watu huahidiana mwezi na nyota na hakuna anayeleta ngazi. Nilisema angefika chini kweli angepanda kama wote. Nikamgeukia nikamwomba aseme hivyo, mwambie mama ungepanda. Alinitazama, midomo ikafunguka, ikajifunga. Hakuweza. Alishasema kweli na haikuwa na pa kurudi.

Mama aliikunja ile nguo ya mpira, mikono ndani, miguu juu, akampa.

"Imekwisha. Bega nimelitia mshono mara mbili." Akazoa vipande vya uzi mapajani. "Sikufukuzi, na sina ugomvi na wewe. Ukinikuta njiani nisalimie. Lakini usingizi wangu umeuchukua leo, siwezi kukupa na binti juu yake."

Bahili alisimama. Akainama, akashukuru kwa kazi ya bega, na akatoka kwa heshima zote. Mtu mwingine angebwatuka, angalau tungekuwa na cha kumchukia.

Nilimfuata. Tulikwenda hadi pale njia inapokutana na gati, ambapo boti zilikuwa zikigongana kwenye kamba zao. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope, shati limeloa mgongoni. Aliniuliza ningetaka aseme nini.

"Dakika moja."

"Ungekuwa uongo."

"Ningekusamehe. Ungekuwa wa kwanza."

Akasema kuna kituo kwenye kisiwa cha mbali, wanatafuta watu wawili, mzamiaji na mtu wa mitungi. Akasema twende, leo hata kesho, mama atazoea, akina mama huzoea wakishikishwa mjukuu. Alikuwa akinibembeleza, yeye asiyependa kutumia maneno mawili pale moja linapotosha. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, nami niliupenda mkono ule kuliko nyumba niliyotoka.

Na nilitaka kwenda. Nisikudanganye, nilishapiga hesabu ya nguo zitakazoingia kwenye begi moja. Lakini kila nikimtazama usoni niliuona mlango ule ulio wazi na kuku nje. Nilimwambia kwamba aliposema angebaki nilifurahi, nilifurahi kweli, na kwamba ndani ya furaha ileile nikamwona kaka, mkanda umenasa, akiyasikia mapovu ya rafiki yake yakipanda. Nilimwambia nitaamka pembeni yake kila asubuhi nikijua kwamba anaweza kubaki.

"Kaka yako nilimpenda," akasema. "Unajua nilimpenda."

"Najua. Kwa dakika moja."

Neno hilo nililisema mimi. Halikutoka kwa mama wala halikuwa katika yale ya mjomba. Nililiona likimwingia. Aliuachia mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja, kama anayeogopa kuniumiza, mimi niliyekwisha kumuumiza. Nilifungua mdomo nilirudishe, na sikupata lingine la kuweka mahali pake. Kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha watu sheria ile, na mbele ya Mungu alikuwa hana kosa hata moja, na bado nililiamini neno langu.

Alisema nijitunze. Aliondoka kwa njia ya ufukweni, ameibeba nguo yake kifuani kwa mikono miwili. Wiki iliyofuata alihamia kisiwa kile cha mbali, peke yake. Mzamiaji walimpata, wa mitungi wakamtafuta kwingine.

Nilirudi nyumbani. Mama hakuwa kwenye cherehani. Alikuwa kwenye benchi la ukutani chini ya zile nguo, mikono mitupu mapajani, na sikumbuki kuwahi kumwona mchana akiwa na mikono mitupu. Aliniuliza kama ameondoka. Nikamjibu ameondoka.

"Ungekwenda naye," akasema. "Mimi mtu mzima, hasira zangu zisikufunge."

"Si zako, mama. Ni zangu."

Hakunibembeleza. Alisogea akanipa nafasi, nikakaa. Tulikaa hapo wanawake wawili tulioambiwa ukweli na mwanamume mmoja, asubuhi moja, na hakuna kati yetu aliyejua aufanyie nini.